Yoga Niliyoianza Katikati

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nacheka peke yangu mpaka watu wananitazama. Ni siku niliyolala chali sakafuni kwangu Kawangware, tumbo limenikaza, jasho linanitoka, huku nikijiambia moyoni: vumilia, dawa inafanya kazi, hasira ndiyo hiyo inatoka. Nilikuwa nimekula sufuria nzima ya uyoga niliouchuma Silanga kando ya bwawa. Niliula kwa sababu Mhindi niliyekuwa nikimfanyia kazi aliniambia ndio unaotuliza hasira. Kumbe hakusema hivyo hata kidogo. Lakini ngoja, nisikimbie. Ugonjwa wangu ni huo huo wa kukimbilia mwisho, na ndio ninaotaka kukuambia habari zake.

Nimekuona. Usijifanye hukuniona nikikuona. Pale ukumbini Kianda, wewe na wenzako mmetandika mikeka, mmoja ameegemeza simu ukutani anaiga anachokiona, miguu juu, kichwa chini. Nilisimama mlangoni na bakora yangu, mkaniuliza, "Guka, babu yetu, hii unaijua?" Nikasema naijua. Mkacheka. Haya, leo nakueleza nimeijuaje, halafu tuone ni nani atacheka.

Mimi ni Simiyu, seremala. Nilifika Nairobi kutoka upande wa Bungoma miaka michache baada ya Uhuru, na randa moja, msumeno mmoja na mkono mwepesi. Mwepesi kwa kazi, na mwepesi kwa kurusha vitu. Sikupiga mtu, hilo naweza kukuapia. Nilirusha tu. Kikombe, kiatu, sahani, chochote kilichokuwa karibu. Na kwa vile sikumpiga mtu, nilijihesabu muungwana. Ujinga huo nilikuwa nautembeza kifua mbele.

Nilimwoa Nafula, tukapanga chumba kimoja katika ploti ya Mama Wanjiru, mwenye nyumba aliyekuwa na ng'ombe wawili nyuma ya choo na ulimi usiopumzika. Nafula alikuwa na namna yake ya kuongea. Anaanza jambo mbali, anapitia kwa jirani, anarudi kuchukua kitu alichosahau njiani, ndipo anafika. Mimi nilitaka afike upesi. Jioni moja alianza na foleni ya mfereji, akaja kwa mama yangu aliyekuwa ametutembelea mwezi huo, kisha akasema chumba ni kidogo. Nikasikia "chumba ni kidogo" nikaona ananiambia mimi si mwanamume wa kutosha. Nikanyakua kigoda nikakirusha. Kiligonga mlango, mguu mmoja ukang'oka.

Hakupiga kelele. Asubuhi alifunga nguo zake kwa leso, akaenda Lindi, kule Kibera, kwa kaka yake Barasa. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Siku utaweza kunisikiliza mpaka nimalize, nitarudi. Si siku ingine."

Sasa nakuja kwa jambo ambalo hata leo linaniwia vigumu kulitamka. Nilimwahi Barasa kabla dada yake hajamweleza. Alikuwa fundi wa mawe, akijenga karibu na mtaa wa Jamhuri, na nilimfuata huko huko kazini. Nikamwambia Nafula amemnyima mama yangu chakula na kumjibu vibaya. Kwetu neno hilo ni zito, mwanangu. Mke akisemwa hivyo, hata watu wake wanakosa pa kumtetea. Nilijua ni uongo wakati ulipokuwa ukinitoka mdomoni, ila sikutaka shemeji yangu ajue habari ya kigoda. Na unajua Barasa alifanya nini? Alipangusa mkono wake wenye simiti, akaushika wangu, akaniomba radhi kwa niaba ya nyumba yao yote. Nami nikaipokea hiyo radhi, nikaenda zangu.

Karakana niliyofanyia kazi ilikuwa karibu na Dagoretti Corner. Mwenyewe alikuwa Mhindi mzee, fundi kwelikweli. Wanawe walimwita Bapa, yaani baba, na sisi wafanyakazi tukamwita hivyo hivyo. Wakati huo Wahindi wengi walikuwa wakifunga mizigo kwenda ng'ambo, lakini yeye alibaki na msumeno wake. Siku moja Otieno, tuliyekuwa tukifanya kazi naye, alikata vibaya mbao ya mvule iliyokuwa imewekwa miezi mingi kwa ajili ya meza ya mteja. Sote tulijibanza tukingoja moto uwake. Bapa aliitazama ile mbao, akavuta pumzi, akasema, "Haya. Sasa iko meza ndogo mbili." Akaenda kunywa chai yake.

Nikamfuata. "Bapa, kwani wewe hukasiriki?"

"Nakasirika sana," akasema. "Lakini mimi iko na yoga. Kila siku asubuhi mapema, bila kula kitu ingine."

Wewe umezaliwa neno hilo liko kwenye simu. Sisi hatukuwa tumelisikia popote. Na Kiswahili cha Bapa kilikuwa kinaangusha herufi za mbele. Ufagio aliuita fagio, ubao akauita bao, ukuta kuta. Basi aliposema yoga, mimi nilijua moja kwa moja ni uyoga. Tena asubuhi, tena bila kula kitu kingine! Nyama alikuwa hali, hilo tulilijua sote. Nikaona nimeishika siri ya Wahindi.

Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri. Jumamosi mchana nikashuka Silanga, kwenye mashamba madogo yaliyo kando ya bwawa, nikachuma uyoga wa kila aina mpaka kikapu kikajaa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza makaa na sukuma alinitazama, akauliza, "Hizo unapeleka wapi, baba?"

"Ni dawa."

"Ya panya?"

Nikamwona ni mwanamke asiye na adabu. Kwetu tulikua tukila uyoga, lakini uyoga wa kwetu niliujua jina na mahali unapoota, na huu wa Silanga sikuujua hata kidogo. Nilikuwa na haraka. Jumapili asubuhi niliuchemsha wote, nikala bila kitu kingine kama nilivyoagizwa. Hata adhuhuri haikufika. Nililala sakafuni pale nilipokuambia, nikitapika na kushukuru, mpaka Mama Wanjiru akaja kuona ni nani anayelia kama ndama.

"Ngai! Simiyu, umekula nini?"

"Dawa ya hasira, mama."

"Hasira ya nani? Unataka kuniachia maiti ndani ya nyumba?" Akaita watu wakanibeba hadi zahanati, na njia nzima alikuwa akinitukana kwa Kikuyu. Mungu alinihurumia. Jumatano nilirudi kazini suruali ikinivuka.

Bapa akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia kwa uchungu, "Ni uyoga wako, Bapa." Hakuelewa. "Uyoga! Ule wa asubuhi, wa kuzuia hasira." Alinitazama. Akanitazama tena. Halafu yule mzee alikaa chini kwenye unga wa mbao akacheka mpaka miwani ikamtoka. Otieno akakimbia kuona kama ameanguka. Bapa alipopata sauti akanieleza kwamba yoga hailiwi, kwamba ni njia ya kujifunga nira mwenyewe, mwili na akili, na kwamba kule kwao imefundishwa tangu zamani. Kisha akapangusa macho, akaacha kucheka. "Wewe nataka zuia hasira mpaka nakufa? Kwa nini?"

Nikamwambia Nafula ameondoka kwa sababu ya kigoda. Habari za Barasa sikumwambia.

Basi akaanza kunifundisha, asubuhi kabla ya kufungua, nyuma ya mbao zilizopangwa. Alisema yoga ina viungo vinane, vitano viko nje na vitatu viko ndani. Vya ndani tusivitaje, akasema, maana hata yeye bado hajafika. Vya nje alivipa namba. Namba moja ni yale unayojizuia juu ya watu: usiumize, usidanganye, usichukue cha mwenzako, usiwe na tamaa. Namba mbili ni yale unayojifanyia mwenyewe: kuwa safi, kutosheka, kujibidiisha, kujisoma, kumkumbuka Mungu. Ndipo namba tatu, kukaa vizuri bila kuyumba. Namba nne ni pumzi. Na namba tano ni kurudisha macho na masikio na ulimi ndani, visizurure.

"Hizo za kwanza mimi nilifundishwa kanisani nikiwa mtoto," nikamwambia.

"Vizuri sana. Basi wewe najua. Fanya."

Mwanangu, nilikasirika! Nilikuja kwa pumzi, ananipa amri za Mungu. Mwezi mzima ikawa namba moja, namba moja. Kila asubuhi ananiuliza, "Jana wewe nadanganya nani?" Nilijitahidi, usidhani sikujitahidi. Nilikuwa nimebeba bawaba zake kadhaa za kabati, nimezificha kwenye gunia chini ya kitanda. Nilizirudisha rafuni kimyakimya, nikajiona mtakatifu. Lakini ule uongo wa Barasa sikuuweka katika hesabu. Huo niliuita jambo la nyumbani.

Wakati huo huo nilikuwa nikimchungulia. Yeye mwenyewe alikaa kila asubuhi juu ya mkeka, mgongo wima, akivuta na kuachia pumzi, macho yamefumbwa. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa mabati penye tundu, nikaiga. Nyumbani nikaendelea. Nilijifunza kukunja miguu, nilijifunza kuvuta na kushika na kuachia. Na sikufichi, ilifanya kazi. Kifua kilitulia, hata ng'ombe wa Mama Wanjiru walipopiga kelele sikuona haja ya kurusha kiatu. Nikasema, sasa nimefika. Namba moja na mbili ni za wazee.

Jumapili moja baada ya kanisa nikaenda Lindi. Barasa alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti chenyewe chenye mto, mkewe Rosa akaleta chai. Nafula aliketi kwenye kitanda, amejifunga leso mbili. Niliulizwa hali, nikaulizwa habari za kazi. Kisha Nafula akaanza kuongea, kwa namna yake ile ile. Akaanza na jiko la Rosa linalotoa moshi. Akaja kwa foleni ya maji ya Lindi. Akamtaja mama yangu.

Aliposema "mama yako" nikahisi joto linapanda shingoni. Nikajiambia, Simiyu, ndiyo saa. Nikavua viatu, nikakunja miguu juu ya kiti cha watu, nikafumba macho, nikaanza kuvuta pumzi. Tena kwa sauti, ili waone. Sauti ya Nafula ikaenda mbali, mbali kabisa, nikabaki na amani yangu. Nilijisifu kweli kweli, nikingoja asikie jinsi nilivyobadilika.

Nilipofumbua macho alikuwa amesimama mbele yangu.

"Umefumba macho," akasema.

"Nakusikiliza."

"Umefumba macho, Simiyu. Ulipokuwa unarusha vitu angalau ulikuwa unaniona."

Akatoka nje. Na Barasa, maskini, akainamisha kichwa: "Shemeji, utuvumilie. Huyu dada yetu tunajua alivyo." Alikuwa ananiomba radhi mara ya pili. Nikamaliza chai yake nikaondoka.

Jumatatu nilimwendea Bapa nikinung'unika kwamba yoga yake haina faida. Alikuwa akipiga randa. Akaniambia nisimulie. Nilipofika pa kufumba macho aliweka randa chini, na hapo ndipo niliona hasira yake kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Nani nakupa namba ine?"

Akanishika mkono, akanivuta hadi kona ambako kulikuwa na kiti nilichokitengeneza mimi, kikarudishwa na mteja. Vanishi ilikuwa imebanduka vipande vipande. "Hii nani napaka?"

"Ni mimi, Bapa."

"Msasa wewe napiga?"

Sikuwa nimepiga msasa. Nilikuwa na haraka ya kuona ikimeta.

"Pumzi na macho ni vanishi," akasema. "Namba moja ni msasa. Mimi nafunga macho kuzuia mimi. Wewe nafunga macho kuzuia bibi yako." Akanitazama sana. "Ongo gani iko ndani yako?"

"Hakuna, Bapa."

"Haya. Shika kazi. Yoga kwisha."

Akarudi kwenye randa yake. Kesho yake hakuniuliza nimemdanganya nani, wala keshokutwa. Salamu alinipa, chai alinipa, ila lile swali la asubuhi hakuliuliza tena, na nililitamani kuliko nilivyotarajia. Alhamisi, tukiwa tumekaa na vikombe vyetu, nilimwambia yote. Nilivyomfuata Barasa kazini, nilivyomsingizia Nafula, nilivyoombwa radhi mara mbili na asiye na kosa. Niliona aibu hata kumtazama.

Nilitegemea anikemee. Yeye alikunywa chai yake kwanza. Kisha akasema kwamba kule kwao, akiwa kijana, alimsemea ndugu yake uongo mbele ya baba yao, na ndugu yake akafukuzwa nyumbani kwa ajili yake. Akapanga kwenda kusema kweli mwaka ule, akapanga mwaka uliofuata, akaja Afrika, na ndugu yake akafa. "Miaka arobaini," akasema, "kila asubuhi mimi nakaa, napumua, na yeye iko pale. Bibi yako iko Lindi tu, Simiyu. Wewe nafika kwa miguu."

Jumapili hiyo nilishika njia tena. Ngong Road, nikapita Jamhuri, nikaingia Kibera, na mahali pawili nilitaka kurudi. Kule Lindi Barasa akanionyesha kile kiti. Nikakataa kukaa. Nikamwomba awaite Nafula na Rosa, waingie wote.

"Shemeji," nikasema, "dada yako hakumnyima mama yangu chakula. Hakumjibu vibaya. Nilikudanganya. Nilirusha kigoda akaondoka kwa sababu hiyo, nami nikaona aibu uijue."

Barasa alisimama polepole. "Nilikuomba radhi," akasema.

"Uliniomba."

"Mara mbili."

"Mara mbili, shemeji."

Alitoka nje. Nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, amesimama mbele ya ukuta wa jirani, mikono kiunoni. Rosa alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Baadaye nilijua ni kwa nini: Nafula alipokana hakuaminiwa, na miezi yote hiyo Rosa alimhesabu wifi yake mwanamke asiyeheshimu wakwe, na mambo mengi yalikuwa yamesemwa kati ya sufuria na jiko. Haya yote niliyaleta mimi kwa ulimi wangu, ndani ya nyumba ya watu walionikaribisha kwa mto.

Nafula hakulia. Aliketi, akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Akaanza kuongea.

Aliongea, mwanangu! Alianza na jiko la Rosa. Akaenda kwenye maji. Akaenda kwa mama yangu, akasimulia jinsi walivyochambua mboga pamoja na jinsi mama alivyomfundisha wimbo wa kubembelezea, jambo ambalo sikulijua kabisa. Jua lililokuwa kizingitini likasogea mpaka kwenye meza. Mara tatu joto lilinipanda shingoni. Mara tatu nilivuta pumzi, taratibu, bila mtu kujua kwamba navuta, na macho yangu sikuyaondoa usoni pake. Hapo ndipo niliielewa namba nne inafanya kazi gani. Ilinishikilia kitini ili nibaki na Nafula.

Akafika kwenye jioni ile. "Nikakwambia chumba ni kidogo. Ukarusha kigoda."

Nikaitikia kwa kichwa. Yule Simiyu wa zamani angeona basi, yamekwisha, angeanza kujitetea. Nikangoja.

"Ni kidogo," Nafula akasema, "kwa sababu tutakuwa watatu."

Nikainuka nusu, nikakaa tena.

"Nilitaka kukwambia siku ile ile. Na ile Jumapili ingine nilikuwa karibu kufika hapo, ukafumba macho." Akalegeza leso, nikaona tumbo lake. Nilikuwa nimekaa mbele yake wiki iliyotangulia, nikinywa chai, nikijisifu kwa utulivu wangu, na sikuliona. "Sasa nimemaliza," akasema.

Nililia. Sioni haya kukuambia. Nililia kwa aibu na kwa furaha, na siwezi kukuambia ipi ilikuwa nyingi zaidi. Habari njema kuliko zote nilizowahi kuletewa ilikuja mlangoni kwangu mara mbili, na mara zote mbili mimi ndiye niliyeifukuza.

Hakurudi nami siku hiyo. Alisema ataniangalia kwanza, na alikuwa na haki. Nilikwenda kila Jumapili, nikakaa, nikasikiliza. Wiki ya nne alirudi Kawangware, Barasa amembebea sanduku. Barasa alikunywa maji akaondoka, na kwa mwaka mzima hakuniita shemeji. Aliniita Simiyu, kwa jina, kavu hivyo. Nilistahili, nikavumilia. Msichana wetu alipoanza kutembea, akamkimbilia mjomba wake na kumshika suruali, ndipo siku hiyo Barasa alisema, "Shemeji, mtoto wako ana nguvu." Nilitamani kumkumbatia, nikamwongezea chai.

Miaka hiyo yote tangu wakati ule nimekaa asubuhi na kupumua, na Jumapili niko kanisani. Mchungaji mmoja aliwahi kuniita kando kuniuliza kama nimekuwa Mhindi. Nikamweleza namba moja na namba mbili. Akakuna kichwa, akaniuliza kama namba tatu ingeusaidia mgongo wake. Hasira haikuniisha, usije ukadanganywa na ndevu nyeupe. Nimevunja kikombe kimoja tangu Nafula arudi, na alinikumbusha habari zake kwa miaka kumi. Bapa naye mwishowe alichukuliwa na wanawe ng'ambo. Siku ya kumuaga nilimuuliza vile viungo vitatu vya ndani. Akacheka, akasema, "Ukifika, wewe naandika barua kwangu." Barua hiyo sijaiandika.

Sasa, mwanangu, sikukatazi mkeka wako. Kunja miguu, simama kwa kichwa ukitaka, vijana wana mifupa ya kuchezea. Lakini usianze katikati nilipoanzia mimi. Utulivu ukiupata kabla ya ukweli, utautumia kujificha. Utakaa kimya mbele ya mtu unayemuumiza na utaona umeshinda. Kwa hiyo kabla ya kuvuta pumzi ya kesho, jiulize swali la Bapa: jana nilimdanganya nani? Kama kuna mtu amebeba lawama yako, mwendee. Mwendee angali anafikika kwa miguu. Usimtume mtu, usipige simu, simama mbele yake useme kwa maneno machache, kisha ukae umsikilize macho yakiwa wazi. Pumzi itakusaidia hapo kuliko mahali pengine popote. Na mtu anayekupenda akianza maneno yake mbali, mwache azunguke, maana pengine anakutafutia njia ya kukuambia jambo ambalo bado analiogopa.

Mungu akunyooshe mgongo na akupanulie kifua. Akupe mdomo usiomwachia mwenzako kuomba radhi kwa kosa lako, na subira ya kukaa na watu wako mpaka neno lao la mwisho. Nyumba yako isikose sauti ya mtu anayekusimulia, na siku furaha itakapokuja kwako kwa mwendo wa polepole, ikukute umekaa, macho wazi, ukiingoja. Enda na amani, mwanangu.